Njia Isiyowekwa Darini

Katika England na Wales, watu wakipita kwenye shamba la mtu kwa miaka 20 mfululizo, mchana kweupe, bila kuomba ruhusa wala kuvunja ua, sheria huihesabu njia hiyo kuwa imeshatolewa kwa umma, isipokuwa mwenye shamba athibitishe kwamba hakukusudia kuitoa. Hapo hakuna mhandisi wala tingatinga. Kuna nyayo tu. Ndiyo maana nauita mwendo wa miguu ufundi, ndugu wa kusuka ukili: mmoja huanza, mwingine hupokea, na kazi huonekana kwa kurudiwa. Ila mkeka ukishashonwa hukunjwa ukawekwa darini, njia haiwekwi. Ikikosa wapitaji msimu mmoja, miiba hufumba mwanya wa ua, majani ya kuwasha hufika kiunoni, na kibao chenye mshale wa njano hubaki kikielekeza kichakani. Njia za umma za nchi hizo mbili zina urefu wa takriban kilomita 225,000. Halmashauri gani ina mapanga ya kutosha kuzifyeka zote? Mlinzi wa kwanza wa njia ni anayeipita.

Msomaji wa kwetu huenda akacheka: wenzetu hao hutembea kwa starehe, sisi hutembea kwa kukosa nauli. Ni kweli, lakini tuulize njia hizo zilitoka wapi. Zilikanyagwa na watu waliokwenda kanisani, sokoni, kiwandani na makaburini. Kati ya vijiji vya Rydal na Grasmere ipo njia ya majeneza, na kando yake jiwe bapa ambapo wabebaji walimtua maiti wakapumua. Hata hiyo starehe haikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout, mlima uliofungwa ili ndege wake watunzwe kwa ajili ya bunduki za matajiri. Watano walifungwa jela. Mmoja wao, Benny Rothman, kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya kupanda, alipewa miezi minne. Mwaka 1949 ikatungwa sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka halmashauri zichore njia za miguu kwenye ramani rasmi. Sitasema jela ile peke yake ndiyo iliyoleta sheria, maana wengine walikuwa wakidai kwa barua na mikutano tangu zamani.

Mkulima naye ana neno: mazao hukanyagwa, mageti huachwa wazi, mbwa hufukuza kondoo. Malalamiko ya haki hayo, na mtembeaji asiyefunga geti hajaujua ufundi wake. Lakini sheria haikumwonea mkulima. Njia ikikatiza katikati ya shamba anaruhusiwa kuilima, mradi airudishe ndani ya siku 14, kwa upana usiopungua mita moja. Mita moja ya ngano ni bei ndogo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwenye njia yenyewe, kwa kuwa miguu ikizidi huibomoa. Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, huanzia Edale, chini ya Kinder Scout, ikaenda takriban kilomita 430 hadi Scotland. Sehemu kubwa hupita juu ya mboji nyeusi inayolowa kama sifongo. Watu walipoongezeka, mboji ikawa tope, wakalikwepa kwa pembeni, na kijia cha mtu mmoja kikatanuka kuwa donda. Dawa haikuwa kuwafukuza. Mabamba ya mawe yaliyokuwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa yaliletwa kwa helikopta, yakalazwa moja moja bila saruji, yakielea juu ya mboji kwa ubapa wake. Sakafu ambayo wafumaji walisimama juu yake kutwa nzima sasa inakanyagwa na watu walio likizoni. Baadhi ya mabamba bado yana matundu ya boliti zilizoshikilia mitambo. Mpitaji akiinama kufunga kamba za kiatu huyaona, yamejaa maji ya mvua.