Simon wa Harry Hook: Mwonaji Aliyegeuzwa Mpelelezi

Simon, mtoto mpole mwenye maradhi ya kuzimia katika riwaya ya William Golding, Lord of the Flies (1954), ndiye wa kwanza kufahamu kwamba mnyama anayeogopwa na watoto waliokwama kisiwani yumo ndani yao wenyewe. Huwachumia wadogo matunda wasiyoyafikia, humpa mwenzake Piggy nyama yake, kisha hujitenga msituni. Filamu ya Harry Hook ya mwaka 1990 ilimpokonya ufahamu huo kwa uamuzi mmoja: kumweka kisiwani rubani aliye hai.

Riwayani, maiti yenye parachuti inashuka kutoka vita vya wakubwa na kukwama mlimani. Upepo ukivuta kamba, maiti inainuka. Ukitulia, inainama, na watoto wanaikimbia. Simon anaifikia akiwa ameshasemeshwa na kichwa cha nguruwe kilichochomekwa kwenye kijiti na kujaa nzi, kikamthibitishia aliloliwaza mwenyewe. Anatapika kwa uvundo, lakini haondoki. Anazinasua kamba kwenye mawe ili upepo uache kumchezea marehemu. Simon mzima yumo katika kitendo hicho cha mikono.

Hook alikifuta. Rubani wake, majeruhi mwenye homa, anatokomea msituni na kufia pangoni, na Simon anamkuta kwa kumulika kijiti kinachotoa mwanga. Kichwa cha nguruwe hakimsemeshi. Mwonaji amekuwa mpelelezi, na kazi yake ingeweza kufanywa na mtoto yeyote mwenye taa. Hakuna kamba ya kunasua wala marehemu wa kusitiri.

Kichwa katika filamu ya Peter Brook (1963) nacho hakisemi, ila Brook hakuogopa ukimya. Aliwaacha nzi wavume, kamera ikabaki kwenye uso wa Tom Gaman, Simon wake, hadi mtazamaji akajisikia yeye ndiye anayetazamwa. Wazoefu wa mabanda ya video ya Keko na Temeke, Dar es Salaam, wanaijua njia nyingine: mfasiri wa filamu Lufufu aliwasemea kwa Kiswahili wahusika wote wa filamu za kigeni, peke yake. Kichwa cha nguruwe cha Hook kilihitaji sauti moja tu.

Hook hakukosa uwezo. Alikulia Kenya, na katika The Kitchen Toto (1987) alimfuata kwa subira Mwangi, kijana wa jikoni aliyebanwa kati ya Mau Mau na afisa wa polisi wa kikoloni, akiacha macho ya Edwin Mahinda yaseme. Miaka 3 baadaye subira hiyo haikuonekana.

Badgett Dale anamcheza Simon kwa utulivu unaofaa, lakini mauaji yake ufukweni hayaumi inavyopasa. Simon wa Golding anauawa na watoto aliokwisha kuwaelewa. Wa Hook anakufa na habari ya maiti, ambayo Ralph, kiongozi wa watoto, angeipata kesho yake kwa kuingia pangoni.