Chai ya Meru na Embu: Punje Inavyoamuru Mkebe na Sufuria

Chukua pakiti ya majani ya chai iliyotoka kiwanda chochote cha Meru au Embu, umwage kidogo kiganjani. Hutaona jani. Utaona punje nyeusi, ngumu, ndogo kama wimbi. Punje hiyo imetengenezwa hivyo kwa makusudi, na anayeelewa ilivyotengenezwa hahitaji kukaririshwa kanuni za kuhifadhi chai wala za kuipika. Nyingi zinatokana na umbo hilo.

Uchambuzi huu unafuata njia ya punje tangu kichakani hadi kikombeni. Chai haiongezwi ubora baada ya kuchumwa. Kila anayeipokea, kuanzia mchumaji hadi mpishi, ama anautunza ubora uliokuwamo ndani ya jani au anaupoteza.

Kichaka kimoja, chai nyingi

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ya zambarau zote hutoka kwenye mmea wa jamii moja, Camellia sinensis. Mmea huo una aina kuu mbili: ile ya China yenye majani madogo, inayostahimili baridi, na ile ya Assam yenye majani mapana. Chai ya Kenya kwa sehemu kubwa ni ya asili ya Assam. Jani lake lina wingi wa vile viambata vinavyoipa chai rangi na ukali, ndiyo maana chai yetu hutoka nyekundu na yenye nguvu hata ikikutana na maziwa mengi.

Mbegu za kwanza zililetwa Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 kampuni za Uingereza zikaanzisha mashamba makubwa Kericho. Wakulima Waafrika walizuiwa kwa miongo mingi kupanda zao hili, hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulipofungua mlango. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na kilimo cha mashamba madogo kikaenea kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Leo Meru ina viwanda vya Imenti, Githongo, Kinoro, Kionyo, Michimikuru, Kiegoi na Igembe. Embu ina Mungania, Kathangariri na Rukuriri. Na katikati, upande wa Tharaka-Nithi, kuna Weru.

Ukanda huu una udongo mwekundu wa volkano, wenye kina na asidi inayopendwa na chai, na mashamba yako juu kiasi kwamba usiku ni wa baridi. Baridi hupunguza kasi ya ukuaji, na chipukizi linalokua polepole hukusanya ladha zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya chai ya mashariki ya Bonde la Ufa kuuzwa kwa bei ya juu kuliko ya magharibi kwenye mnada wa Mombasa. Sababu nyingine ni mkono wa mchumaji: mkulima mwenye vichaka vichache huchuma majani mawili na chipukizi, wakati mashine za mashamba makubwa hukata kila kilicho mbele yao.

Miche nayo inatofautiana. Watafiti wa chai wa Kericho, ambao wana kituo kidogo Kangaita, kaunti ya Kirinyaga, wametoa aina nyingi za vipandikizi. Aina ya 6/8 inasifika kwa ubora wa kikombe, S15/10 kwa mavuno, na SFS 150 kwa kustahimili ukame. Mkulima aliyepanda mchanganyiko wa aina hizi huwa amekwishachagua sehemu ya ladha kabla ya kiwanda kuwasha mtambo.

Saa chache zinazotengeneza punje

Jani likishachumwa, muda unaanza kuhesabika. Likishindiliwa kwenye kikapu au likiachwa juani kwenye kituo cha kununulia, hupata joto, hubabuka na kuwa jekundu kabla ya wakati wake. Kiwanda hakiwezi kulirekebisha. Ndiyo maana majani hupelekwa kiwandani siku hiyohiyo, yakiwa kwenye magunia yanayopitisha hewa, yaliyotundikwa ndani ya lori.

Kiwandani jani hunyaushwa kwa hewa kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, hadi lilegee. Kisha linapitishwa kati ya magurudumu yenye meno yanayozunguka kwa kasi tofauti, nayo yanalikata, yanalipasua na kulisokota kwa mkupuo mmoja. Huu ni mtindo wa CTC, uliobuniwa Assam na William McKercher mwaka 1930. Seli za jani hupasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa ndani yake hukutana na hewa, na rangi ya kijani hugeuka shaba. Hatua hiyo ya kuchachusha huchukua takriban saa 1 hadi 2. Ikikatishwa mapema chai inabaki na ukakasi mbichi; ikicheleweshwa inakuwa nyeusi na butu. Mwishowe hewa moto sana huua vimeng'enya na kuikausha chai hadi ibaki na unyevu wa takriban asilimia 3. Hesabu ya kawaida ni kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa kilo 1 ya chai kavu.

Baada ya hapo chai huchekechwa. Daraja la BP1 ndilo lenye punje kubwa, likifuatwa na PF1, kisha PD, na D1 ndilo lenye punje ndogo zaidi kati ya yale ya kwanza. Madaraja haya yanaeleza ukubwa wa punje. Yote manne yanaweza kutoka kwenye gunia moja la majani bora. Ubora hushuka unapofika kwenye madaraja ya pili, yenye nyuzinyuzi za vikonyo vingi. Ukiona vipande vya kahawia vinavyofanana na vumbi la mbao ndani ya pakiti, ujue kuna vikonyo vingi. Rangi itakuwepo, ila nguvu itapungua.

Mantiki ya mtindo huu sasa iko wazi. Jani lililosagwasagwa lina eneo kubwa la kugusana na maji, kwa hiyo hutoa rangi na nguvu haraka sana. Eneo hilohilo hugusana na hewa, unyevu na harufu. Punje inayotoa upesi pia huzeeka upesi.

Zile zisizopita njia hii

Chai ya kijani hupashwa moto mara tu baada ya kunyaushwa kidogo, vimeng'enya vikafa kabla ya kubadili rangi. Chai ya mtindo wa kale, ambayo jani husokotwa bila kukatwa, hugeuka nyeusi polepole na kubakiza manukato zaidi; inahitaji muda mrefu zaidi kikombeni. Chai nyeupe hutokana na machipukizi machanga yaliyokaushwa bila kusumbuliwa.

Chai ya zambarau ni mchango wa Kenya yenyewe. Aina ya TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011, na majani yake yana antosiani, rangi ileile inayopatikana kwenye zambarau na biringanya. Rangi hiyo huhifadhika jani likitengenezwa karibu na njia ya chai ya kijani. Likiingizwa kwenye mashine za CTC na kuchachushwa, upekee wake hupotea likawa chai nyeusi ya kawaida. Hapo ndipo wakulima wengi waliumia: walipanda mche wa pekee, lakini viwanda vingi havikuwa na mtambo wa kuutengeneza kipekee, majani yakachanganywa na mengine na kulipwa bei moja. Mche mpya bila kiwanda chake ni ahadi isiyo na mlipaji, na hili linafaa kukumbukwa kila aina mpya inapotangazwa.

Maadui watano wa mkebe

Chai kavu huharibiwa na unyevu, hewa, mwanga, joto na harufu. Mbaya zaidi ni unyevu. Punje yenye asilimia 3 inapofikia asilimia 6 au 7, uchangamfu wake hufa, na ikizidi hapo ukungu hukaribia. Kwa wakazi wa Nyambene na miteremko ya juu ya Embu, wenye ukungu na manyunyu miezi ya katikati ya mwaka, pakiti iliyoachwa wazi haichukui siku nyingi kufika huko.

Soko lenyewe limetufundisha hili kwa gharama kubwa. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya KTDA mnadani Mombasa, kwa nia ya kumlinda mkulima. Chai ambayo wanunuzi hawakuitaka kwa bei hiyo ilibaki ghalani ikalundikana, katika mji wa joto na unyevunyevu wa bahari. Baadaye bei hiyo iliondolewa. Hata ndani ya magunia ya karatasi yenye foili, chai iliyokaa muda mrefu hupoteza mng'aro, na mwonjaji huitambua mara moja. Ikiwa gunia la foili lina kikomo, basi pakiti iliyofungwa kwa kibanio cha nguo ina kikomo kifupi zaidi.

Nyumbani kazi si ngumu. Tumia mkebe wa bati au chombo chochote kisichopitisha mwanga, chenye kifuniko kinachobana. Kiwe kikavu kabisa, na kijiko kiwe kikavu vilevile. Kijiko chenye mvuke wa sufuria huingiza maji kidogo kila siku. Usikiweke juu ya jiko wala kwenye rafu inayofikiwa na moshi wa kuni. Kitenge mbali na vitunguu, sabuni, viungo na mafuta ya taa, kwa sababu chai hunyonya harufu. Iliki na mdalasini zikae kwenye mkebe wao. Usihifadhi chai nyeusi kwenye friji, maana kila ukiitoa unyevu huganda juu ya punje. Chai nyeusi ikifungwa vizuri hukaa mwaka mmoja hadi miwili. Ya kijani itumie ndani ya mwaka, na mapema ndiyo bora. Nunua robo kilo utakayomaliza kwa wiki chache badala ya kilo nzima itakayozeekea kabatini.

Maji ya mlimani hayafiki 100

Waonjaji hufuata kipimo kimoja: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila kukoroga. Ni kali kupita kiasi cha kunywa, kwa sababu lengo ni kufichua kasoro. Kwa kikombe cha nyumbani, gramu 2 hadi 3, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, hutosha, na punje za CTC zinahitaji dakika 3 hadi 4 tu.

Lakini mwonjaji wa Mombasa yuko usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda takriban mita 300, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mashamba yaliyo mita 1,800 hadi 2,000, maji huchemka kwa nyuzi 93 au 94, na yakimiminwa kwenye kikombe baridi asubuhi ya Julai hupoa zaidi. Kwa hiyo mkulima akiandaa chai ya rangi kwa birika huikuta imepooza, akadhani majani ni mabaya. Dawa ni kupasha birika kwanza, kumimina maji yakiwa bado yanatokota, kufunika, na kuongeza dakika 1. Sufuria iliyoachwa motoni huondoa tatizo hilo, kwa kuwa joto halishuki. Upishi wetu wa kuchemsha ni jawabu zuri kwa mwinuko wetu, mradi usigeuke kutokosa kwa muda mrefu. Baada ya dakika chache punje imeshatoa karibu yote mazuri, na kinachofuata ni uchungu.

Maji pia yanahusika. Ya mito ya mlimani ni mepesi, nayo huonyesha rangi kwa uangavu. Ya visima vya sehemu kavu za chini mara nyingi yana madini mengi. Chai hutoka kahawia na kupata utando juu. Matone machache ya limau huondoa utando huo kwenye chai ya rangi.

Kwa chai ya maziwa, mpangilio ndio ufundi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, kwa hiyo iponde na kuichemsha kwenye maji kwanza hadi kimeng'enya kife. Tia majani, yatokote dakika 2 ndani ya maji pekee. Ndipo uongeze maziwa, yachemke mara moja, uchuje. Protini za maziwa hushikana na viambata vya ukakasi, hivyo majani yaliyotiwa kwenye maziwa tangu mwanzo hutoa kidogo na kumlazimu mpishi kuongeza kijiko cha pili bila haja. Sukari itiwe mwishoni.

Chai ya kijani na ya zambarau hazipikwi hivyo. Acha maji yaliyochemka yapoe dakika chache hadi nyuzi 75 au 80, loweka dakika 2 hadi 3, usitie maziwa. Ya zambarau ikitiwa limau hugeuka ya waridi, kwa sababu antosiani hubadilika kwenye asidi. Rangi hiyo ni ushahidi rahisi kwamba umeuziwa kitu halisi.

Kila gunia linaloteremka Mombasa huandikwa jina la kiwanda, daraja na namba ya kundi lililotengenezwa pamoja. Mnunuzi wa ng'ambo anajua anachonunua. Viwanda vyetu huuza pakiti mlangoni, kwa mkulima yuleyule aliyechuma; pakiti hizo nazo zinastahili maelezo hayohayo, pamoja na tarehe ambayo chai ilitengenezwa, si siku ilipofungashwa tu. Mkulima wa Kionyo au Rukuriri akijua daraja na umri wa chai yake, ataweza kuionja kama mwonjaji wa mnada, kuilinganisha na ya msimu uliopita, na kwenda mkutano mkuu wa kiwanda chake akiwa na hoja kuhusu ubora, si kuhusu bonasi peke yake.