Mkalimani Aliyechelewa: Tuisomeje By the Sea?

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wanafunzi wetu wamekuwa wakiulizia riwaya zake, na insha ninazosahihisha zimeanza kufanana. Wakipewa By the Sea (2001), wanaandika juu ya baridi, ubaguzi na upweke wa Mwafrika nchini Uingereza. Hayo yamo. Lakini kwa idara inayofundisha lugha, naona tunapita mlango mkuu bila kubisha hodi.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Kiingereza anakijua barabara. Hata hivyo, aliyemuuzia tiketi amemshauri ajifanye hakijui, naye anatamka maneno mawili tu: mkimbizi, hifadhi. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, ambaye wazazi wake nao walikimbia kutoka Romania, anamweleza kwa kirefu kwamba hapa si kwao, kisha anajitwalia kijikasha chake cha udi. Mzee anaelewa kila neno! Tumezoea kumwona mhamiaji aliyenyamaza kama mtu aliyepungukiwa na lugha. Hapa aliyenyamaza ndiye mwenye lugha mbili, na kwa kunyamaza anayasikia yale ambayo watu hawamwambii anayewaelewa.

Baadaye anatafutwa mtaalamu wa Kiswahili. Anapatikana Latif Mahmud, mhadhiri wa London, mtoto wa Rajab Shaaban mwenyewe, yule ambaye nyumba yake iliishia mikononi mwa Saleh Omar. Lakini mzee anaamua kusema Kiingereza kabla mkalimani hajafika, na Latif anapokuja hatimaye, anakuja kwa ajili ya jina la baba yake. Darasani tunafundisha kwamba mkalimani hana upande. Je, huyu angekaa upande gani kama angeitwa siku ile pale Gatwick, na hatima ya mzee ingekuwa nini?

Nina lawama moja. Baadhi ya Wazanzibari waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1964 walifika Uingereza, wakazaa, wakaozeshana, wakagombana. Katika riwaya hii jamii hiyo haipo. Mzee anapelekwa kwenye nyumba ya Celia pamoja na wakimbizi wengine, nao ni wa kutoka Ulaya, na mtu wa kwao anayemjia ni mmoja tu, tena wa ukoo wenye kisasi naye. Hapa Kampala, ambako wanaokwenda kutafuta kazi ng'ambo tunawaita nkuba kyeyo, sijasikia aliyekwenda bila binamu wa kumpokea. Upungufu huo unaupa mgogoro nguvu, sikatai, ila mwanafunzi asiandike kwamba amesoma habari za Waswahili wa Uingereza. Amesoma habari za watu wawili na deni la zamani.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu sehemu ya Gatwick waitafsiri. Walikwama mara moja: afisa akisema Kiswahili, mzee anaficha nini? Mmoja alitaka maneno ya afisa yaachwe kwa Kiingereza. Mwenzake akamjibu kwamba hiyo si tafsiri, ni uvivu. Kipindi kiliisha wakiwa bado wanabishana, na zoezi hilo sijalisahihisha mpaka leo.