Nyuzi, Kinubi na Kinaya: Muziki kama Msimulizi katika "Walking Distance"

Tunapohakiki filamu darasani, huanza na ploti, wahusika na dhamira, kisha muziki tukaupa sentensi moja mwishoni: umejenga taharuki, au umeleta huzuni. Insha hii inapinga desturi hiyo. Inashikilia kwamba muziki unaweza kuwa msimulizi kamili, mwenye msimamo wake na ujuzi wake, hata ukipigwa kwa ala chache. Mfano wetu ni "Walking Distance", yaani umbali wa kutembea kwa miguu. Ni kipindi cha tano cha msimu wa kwanza wa The Twilight Zone, kilichoonyeshwa na CBS nchini Marekani tarehe 30 Oktoba 1959. Kila kipindi cha mfululizo huo kina hadithi na wahusika wake, kama mkusanyiko wa hadithi fupi.

Mwandishi ni Rod Serling, mwongozaji ni Robert Stevens, na mtunzi wa muziki ni Bernard Herrmann. Wakati huo Herrmann alikuwa amekwisha kutunga muziki wa Citizen Kane (1941) na Vertigo (1958). Kwa kipindi hiki kisichofika nusu saa alitumia ala za nyuzi na kinubi tu. Hakuna ngoma, tarumbeta wala filimbi.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Martin Sloan, mwenye umri wa miaka 36, amechoshwa na kazi yake ya matangazo ya biashara jijini New York. Anaacha gari lake kwenye kituo cha petroli na kutembea maili moja na nusu hadi Homewood, mji aliokulia. Anakuta mji uko vilevile: wazazi wake wako hai, na yeye mwenyewe ni mtoto anayecheza. Anataka kumwambia mtoto huyo aufurahie utoto wake. Anamkimbiza hadi kwenye bembea ya farasi wa mbao, mtoto anaanguka na kuumia mguu. Hatimaye baba yake, aliyeona leseni na pesa zenye tarehe ambazo bado hazijafika, anamsihi arudi kwenye wakati wake.

Mtunzi mwingine angeona nafasi ya kushangilia pale Martin anapoitambua mitaa ya utotoni. Mtu amerudishiwa alichokipoteza. Kwa nini asichezewe muziki wa furaha? Herrmann anakataa. Nyuzi zinakwenda polepole, sauti inapanda kidogo kisha inashuka, na kinubi kinadondosha noti chache kama anayehesabu kitu kinachopungua. Martin anatabasamu, muziki unaomboleza. Katika fasihi tunakiita kinaya hali ambapo hadhira inajua jambo asilolijua mhusika. Hapa hakuna mazungumzo wala picha iliyotupa ujuzi huo. Tumeupata kwa masikio. Kwa hiyo, baba anapomweleza mwanawe kwamba kila mtu ana kiangazi chake kimoja tu, hatushtuki. Anatamka kile ambacho nyuzi zimekuwa zikikisema tangu mapema.

Uchache wa ala ndio unaowezesha jambo hili. Okestra kubwa ingemfunika Martin na kuyageuza majonzi yake kuwa tukio la kitaifa. Hiki ni kilio cha mtu mmoja, na sauti yake inalingana na kimo chake. Tena, kwa kuwa rangi ya muziki ni moja, badiliko lolote linasikika. Mwishoni Martin anajikuta tena katika duka lile aliloingia alipofika mjini. Soda ya aiskrimu iliyokuwa senti 10 sasa ni senti 35, na mashine ya santuri inapiga muziki wa vijana. Kelele hiyo inatuambia ni mwaka gani kabla ya bei kututhibitishia.

Kasoro ya kipindi iko mwishoni kabisa. Martin anaondoka akichechemea, kwa mguu ulioumia utotoni. Picha hiyo na nyuzi zingetosha. Lakini sauti ya Serling inaingia kufafanua hamu ya kurudi utotoni ambayo kila mtu huwa nayo. Ufafanuzi ni mzuri kama nathari, ila unarudia kwa maneno kazi iliyokwisha kufanywa na muziki.

Sisi wa mpakani tunaifahamu vyema sauti ya namna hiyo. Katika vibanda vya video vya Busia na Tororo, filamu za kigeni hutufikia kupitia wasimulizi: VJ kwa upande wa Uganda, DJ Afro na wenzake kwa upande wa Kenya. Wanastahili sifa, kwani wamewafungulia filamu watu wasiojua lugha zake. Hata hivyo, wakati mhusika amenyamaza, msimulizi hanyamazi, na muziki uliokuwa ukieleza ukimya huo unazama. Tumezoea kuitazama filamu bila kuisikia. Ndiyo maana filamu nyingi za kwetu nilizozitazama humwagiwa muziki wa kinanda tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba ukimya ni shimo la kufukiwa.

Kisingizio huwa ni fedha. "Walking Distance" inakijibu kisingizio hicho. Eneo la Masaba lina adeudeu, kinubi cha Waiteso, na litungu la Wabukusu. Mpigaji mmoja wa adeudeu, akielezwa vizuri mhusika anajua nini na hajui nini, anaweza kuibeba filamu fupi nzima. Kinachohitajika ni mwongozaji atakayemwachia nafasi, na mhakiki atakayempa zaidi ya sentensi moja.