Peponi: Kitabu Kinachohitaji Mwenzake

Ndugu walimu, nanyi nyote mnaotunza kabati za vitabu katika parokia na shule za Songea, mara nyingi twaulizwa: katika vitabu vilivyotoka miaka hii, kipi kinastahili fedha yetu iliyo kidogo? Leo twataja kimoja. Tutaeleza wema wake na upungufu wake, kisha namna ya kumpa msomaji.

Kitabu chenyewe ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, nayo ikatoka mwaka 1994. Miaka 28 ilipita ndipo watu wa nchi inayosimuliwa wakaweza kuisoma kwa Kiswahili. Maana ni mwaka 2022 ambapo tafsiri ya Bibi Ida Hadjivayanis ilipigwa chapa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Habari yake ni hii. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye amdhani kuwa ami yake. Afikapo pwani aambiwa kweli: tajiri yule si ami, na yeye Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Anatumika dukani bila ujira, kisha aenda bara pamoja na msafara wa biashara.

Anayesoma Biblia atamkumbuka mara moja Yusufu mwana wa Yakobo. Hapa pia yupo kijana mzuri wa sura, yupo bibi wa nyumba anayemtamani, zipo na ndoto. Lakini Yusufu wa kitabu cha Mwanzo aliinuliwa, akawalisha ndugu zake wakati wa njaa; huyu wa Gurnah hainuliwi na mtu. Mwishoni, karibu na vita vya mwaka 1914, akimbilia kundi la askari wa Wadachi. Je, amekombolewa, au amebadili bwana tu? Mwandishi hatujibii, na hilo ni jambo la sifa, kwa kuwa latulazimisha kufikiri wenyewe. Wala si jambo la kale tu. Hata leo wako wazazi wanaompeleka mtoto mjini kutumika nyumbani mwa watu kwa ahadi ya kusomeshwa, na ahadi isitimizwe. Mzazi asomaye kitabu hiki hatamtoa mwanawe kwa wepesi.

Huo ndio wema wake. Sasa upungufu. Bara katika kitabu hiki laonekana kwa macho ya watu wa msafara. Kwao wenyeji ni washenzi, na nchi yao ni ya hofu. Mwandishi hasemi kwamba hayo ni kweli; tena yupo mtawala mmoja wa bara, Chatu, anayewashitaki wafanya biashara kwa maneno makali. Walakini maneno yake yatufikia kwa kinywa cha mkalimani, kisha msafara waenda zake, nasi twaenda nao. Sisi wa Songea tu watu wa bara. Njia za misafara baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa zilipita katika nchi hii, na babu zetu walikuwako zilipopita. Kijana wetu akikisoma kitabu hiki peke yake, atajifunza kuwatazama babu zake kwa macho ya mgeni.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba Peponi kisiazimwe peke yake. Kiwekwe karibu na Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotoka mwaka 1969, ambamo watu wa kusini wenyewe wasema, wabishana, watumaini na kukosea, katika habari za Vita vya Maji Maji. Msomaji akisha kuvisoma vyote viwili, atatambua kwamba jeshi lile ambalo Yusuf alikimbilia ndilo lililopiga vita kusini mwaka 1905 hata 1907, na chini ya serikali yake viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa Songea tarehe 27 Februari 1906. Hapo mwisho wa Peponi utamwia mzito kuliko umwiavyo msomaji wa Ulaya.

Kitabu hiki hakiwafai watoto wadogo, maana kina mambo ya tamaa na ukatili. Kiwe cha watu wazima na wanafunzi wakubwa. Akirudishapo msomaji, mtunza vitabu asitazame tu kama karatasi zimechanika, amwulize pia, "Ungalikuwa wewe Yusuf, ungalikwenda wapi?" Kisha amkabidhi kile cha pili.