Ukuta, Dadu na Mnara: Namna ya Kuupima Mchezo Mpya wa Mezani

Kitabu cha mchezo mpya kikitua mezani, mikono yote hukimbilia picha: joka, meli, mapanga. Mimi huanzia nyuma, kwenye karatasi ya mhusika. Huo ndio ukurasa mchezaji atakaoutazama usiku kucha, na humo mtunzi hana pa kujificha.

Kwa asiyeijua michezo hii, watu wanne watano huketi mezani, mmoja akiwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki akiwa na mhusika wake. Katika hadithi zetu msimulizi akisema paukwa, wasikilizaji hujibu pakawa, kisha hutega sikio. Hapa kila msikilizaji huendelea kujibu: husema mhusika wake anafanya nini, na palipo na mashaka dadu hurushwa. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka 1974 huko Wisconsin, Marekani: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, chapa ya kwanza nakala 1,000. Leo michezo ni mingi kuliko jioni za kuichezea. Kwa hiyo inafaa ujue, ndani ya saa ya kwanza, upi umeshonwa ukashika na upi utafumuka ukiuvaa.

Kwenye karatasi, tazama ni nini kilichopewa nafasi. Kama robo tatu ni silaha, ngao na majeraha, mchezo huo ni wa vita, hata dibaji ikiapa kuwa ni wa fitina za ikulu. Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, uliotoka 1981, ndio mfano ninaoupenda. Karatasi yake ina nafasi ya akili timamu, imeandikwa kwa namba, na namba hiyo hushuka kila mhusika anapoona asichopaswa kuona. Mchezaji hahitaji kuambiwa aogope. Anaifuta 55 kwa kifutio, anaandika 48, na tangu hapo kila mlango anaufungua kwa kusitasita.

Ukimaliza karatasi, chukua tendo moja dogo ulipitishe kwenye kanuni tangu mwanzo hadi mwisho. Langu ni lile lile siku zote: mhusika anataka kuparamia ukuta na mlinzi yuko karibu. Hesabu hatua, kuanzia mchezaji anapofungua mdomo hadi hadithi inapoendelea.

Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, mpiganaji chipukizi mwenye nguvu 16 na mazoezi ya riadha hurusha dadu ya pande 20, huongeza 5, na kwa ukuta wa ugumu wa wastani hutakiwa kufikisha 15. Pande 11 kati ya 20 zinamfaa, yaani asilimia 55. Hali ikiwa upande wake, tuseme mwenzake amemshikia kamba, hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na bahati yake hupanda hadi karibu asilimia 80. Naupenda sana ufundi huo. Hakuna anayefungua jedwali wala kuhesabu vidole. Meza nzima inaona dadu ipi imeshinda. Lakini fuata pia njia ya kushindwa. Mara nyingi mpiganaji yuko palepale chini ya ukuta, mpaka msimulizi abuni balaa kichwani mwake. Hadithi imesimama.

Sasa upeleke ukuta uleule kwenye Apocalypse World wa Vincent Baker, wa 2010. Dadu mbili za pande sita. Ukipata 10 au zaidi, umevuka. Kuanzia 7 hadi 9 unavuka kwa gharama: bunduki imebaki upande wa pili, au mlinzi ameuona mgongo wako. Ukipata 6 kushuka chini, msimulizi ndiye anayegeuza mambo, na kitabu kimempa orodha ya namna za kuyageuza. Kati ya matokeo 36 ya dadu hizo, 6 ni ushindi kamili, 15 ni ushindi wa gharama, na 15 ni balaa. Mpe mhusika nyongeza ya 1 tu, inakuwa 10, 16 na 10. Itazame ile 16. Mtunzi ameikalia hesabu hadi jibu linalotokea zaidi likawa "ndiyo, lakini", na jibu hilo ndilo linalowafanya watu wasogeze viti mbele.

Ukishaiona hesabu iliyotulia, utaitambua isiyotulia. Matoleo ya awali ya Vampire: The Masquerade, mchezo wa 1991, yaliupenda usiku na majuto kwa moyo wote, nami nayapenda kwa hilo. Mhusika hodari hurusha dadu nyingi za pande 10. Ila kila 1 humponza, na jambo gumu kupita yote hutaka 10. Kwa ugumu huo, mwenye dadu moja ana asilimia 10 ya kuboronga vibaya kabisa. Mwenye mbili, asilimia 17. Mwenye tatu, karibu 22. Yaani kadiri anavyojifunza kazi ndivyo anavyozidi kuaibika. Kasoro kama hii huioni kwa kusoma. Shika kalamu, ujaribu ugumu wa chini kabisa na wa juu kabisa.

Mengine pitia upesi. Tengeneza mhusika bila msaada; nusu saa ikipita hujajua unacheza nani, kitabu kimepangwa vibaya. Angalia kama kina faharasa. Wala usikimbilie kuita kasoro kila kinachokushangaza: katika Traveller wa 1977 mhusika aliweza kufa angali akitengenezwa, na hiyo ilikuwa kamari ya makusudi, kwani kila awamu ya utumishi ilimwongezea ujuzi na kumweka tena hatarini.

Nimeiacha mwisho kanuni ninayoihusudu kuliko zote. Dread, wa Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, hauna dadu. Katikati ya meza husimama mnara wa Jenga, vipande 54 vya mbao, safu 18 za vitatu vitatu. Jina hilo ni letu: Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, alilitoa kwenye kitenzi chetu cha kujenga, akaanza kuuza mchezo wake London mwaka 1983. Ndani ya Dread, ukitaka jambo la hatari unachomoa kipande na kukiweka juu. Ukiuangusha mnara, mhusika wako ametoka kwenye hadithi, na kwa kawaida amekufa. Ukikataa kuchomoa unabaki hai, lakini ulilolitaka halifanyiki.

Upime kwa ukuta wetu. Kutoka mdomoni hadi kwenye hadithi kuna hatua moja. Kila anayefaulu ameudhoofisha mnara kwa anayemfuata, hivyo hofu huongezeka bila msimulizi kuongeza neno. Mwenye mkono unaotetemeka anaonewa, hilo nalikiri, na mhusika shupavu huwa goigoi mikononi mwake. Hata hivyo sijaona kanuni inayofanya inachosimulia kama hii.

Usiku wa kwanza nilipoucheza, wahusika wetu walikuwa ndani ya nyumba iliyokatika umeme, na kitu kilikuwa kikikwaruza mlango wa jikoni kwa nje. Mwenzetu mmoja alitaka kuuzuia kwa kabati. Akashika kipande cha safu ya tano kwa vidole viwili, akakisukuma kidogo, mnara ukainama upande wangu. Hakuna aliyepumua. Akakiachia taratibu, akarudisha mikono mapajani, akasema mhusika wake amekimbilia ghorofani. Msimulizi hakufungua kitabu. Alisema tu kwamba mlango umefunguka.