Pongezi kwa Muuguzi wa Zahanati

Katika zahanati nyingi za vijijini Tanzania, muuguzi ndiye mkunga, mchoma chanjo, mgawa dawa na mjazaji wa rejista. Akikesha akizalisha, asubuhi kliniki ya watoto inamngoja vilevile. Wengi walianza na cheti, wakajiendeleza hadi stashahada, wengine shahada, huku wakilea familia na kujilipia ada. Tunawapongeza hasa kwa ustadi wao: kutambua mapema kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji rufaa, na kumhudumia bila kutetereka hadi gari lifike. Ila maneno matupu hayavunji mfupa. Aliyejiendeleza apandishwe daraja kwa wakati, na anayekesha alipwe stahili zake. Uuguzi ni wito, na ni ajira pia.